Safu ya ushauri: "Kopo limeandikwa ni matunda matupu, je, nianze kulinywa?"

Washauri, salaam aleikum.

Nina miaka 46, naishi Makorora hapa Tanga, na kutwa nzima nimekaa dukani Ngamiani nauza vitambaa. Uzito wangu kilo 94, urefu sentimita 160, kiuno sentimita 108. Nina presha; natumia nifedipini asubuhi na jioni, na mwaka jana daktari aliniongezea atovastatini ya usiku kwa ajili ya mafuta ya damu. Sukari nimeambiwa iko mpakani.

Shoga yangu ameniletea kopo la unga. Limeandikwa "dondoo ya matunda, huyeyusha kitambi kwa siku 30". Ndani mna ukwaju wa Malabari, danzi bichi na sanamaki. Kijiko kimoja kwenye maji vuguvugu, asubuhi na usiku. Yeye amepungua kilo nne kwa wiki moja, nimemwona kwa macho yangu. Anasema ni matunda matupu, na ya kwamba hata wazungu wameshathibitisha kuwa rangi ya zambarau na maganda ya machungwa yanazuia unene.

Mimi kabla ya hilo kopo nilikwisha kuanza matunda. Asubuhi glasi kubwa mbili za juisi ya machungwa ya Muheza, natia vijiko vinne vya sukari kwa sababu ni makali. Saa nne nakula balungi. Jioni sili chakula, natafuna ubuyu. Usiku njaa ikinizidi ndiyo nakula mkate na chai ya maziwa. Miezi miwili sasa, badala ya kupungua nimeongezeka kilo moja!

Nianze kopo? Kwa nini matunda hayanipunguzi? Na kokwa za zambarau nikizisaga zinafaa?

Mama Z., Makorora

JIBU

Wa aleikum salaam, Mama Z. Kabla ya kitambi, tuzungumze kwanza habari ya vidonge vyako, kwa sababu hapo pana jambo la leo, si la kesho. Acha balungi. Na hilo kopo usilifungue.

Kwenye ukuta wa utumbo mna kimeng'enya kinachovunja sehemu ya dawa kabla haijaingia kwenye damu. Watengenezaji wa dawa wanajua hivyo, na kipimo cha kidonge chako kimepangwa kwa kuhesabu kile kitakachopotea. Balungi lina viambata viitwavyo furanokumarini ambavyo havikizuii kimeng'enya hicho kwa muda tu, vinakiharibu kabisa, na utumbo hauna budi kutengeneza kipya. Kazi hiyo huchukua siku moja hadi tatu. Ndiyo maana kupishanisha saa hakusaidii: balungi la saa nne asubuhi bado linakikuta kidonge cha usiku. Dawa inayoingia kwenye damu inakuwa nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Nifedipini ikizidi utapata kizunguzungu ukisimama, kichwa kugonga na miguu kuvimba. Atovastatini ikizidi misuli inauma bila sababu, na mkojo ukigeuka rangi ya kahawia ni wa kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Jambo hili liligunduliwa kwa bahati tu kule Kanada: David Bailey na wenzake walikuwa wanapima dawa ya presha pamoja na kileo, wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya kileo, wakashangaa dawa imejaa kwenye damu kupita hesabu. Walitangaza mwaka 1989.

Danzi lina viambata hivyo hivyo. Chungwa tamu na chenza havina. Ndimu kidogo ya kukamulia samaki haina neno.

Angalizo moja ambalo watu husahau: miezi miwili hii huenda presha yako imekuwa ikisaidiwa na balungi bila wewe kujua. Ukiliacha, dawa itarudi kwenye kiwango chake halisi. Kapime presha baada ya wiki moja, mweleze daktari uliyokuwa ukila, na usipunguze wala kuongeza kidonge mwenyewe.

Sasa kopo. Limeandikwa vitu vitatu, na kila kimoja kina kesi yake.

"Ukwaju wa Malabari" si ukwaju wetu. Ni garsinia, tunda la jamii moja na mangostini, ambalo watu wa Kerala kusini mwa India hulikausha na kulitia kwenye mchuzi wa samaki. Ukwaju unaouzwa sokoni Mgandini una asidi ya tartariki. Garsinia ina asidi ya haidroksisitriki, na hiyo ndiyo inayotangazwa. Nadharia yake si ya kipuuzi. Asidi hiyo huzuia kimeng'enya cha ini kinachogeuza sukari iliyozidi kuwa mafuta, na kwenye panya kweli ilipunguza mafuta. Lakini mwaka 1998 lilichapishwa jaribio la Marekani la watu wanene 135, wiki 12, miligramu 1,500 za asidi hiyo kwa siku, wengine wakipewa vidonge bandia visivyo na kitu, wote wakiwa kwenye mpango mmoja wa chakula. Waliopewa garsinia walipungua wastani wa kilo 3.2. Waliopewa vidonge bandia walipungua kilo 4.1.

Kwa nini panya apungue na mtu asipungue? Panya hugeuza sukari kuwa mafuta kwa wingi. Binadamu hufanya hivyo kidogo. Sehemu kubwa ya mafuta yanayokaa kiunoni huwa yameingia mwilini yakiwa mafuta tayari, yaani tui, mafuta ya kupikia, siagi. Hayapiti kabisa kwenye mlango ambao garsinia imeufunga. Kwa mlaji wa wali wa nazi, ni sawa na kufunga mlango wa uani wakati wageni wote wanaingilia barazani. Na zaidi ya kutofaa, yapo matukio yaliyoandikwa na madaktari ya watu kuharibikiwa ini baada ya kutumia vidonge vya garsinia. Wewe unameza dawa ya mafuta ya damu, ambayo yenyewe inataka ini liangaliwe.

Danzi bichi limewekwa kwa ajili ya sinefrini, kiambata kinachouchangamsha mwili. Mwaka 2004 Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye efedrini, kwa sababu vilihusishwa na kiharusi na mshituko wa moyo. Watengenezaji wakahitaji kitu kinachofanana nayo, na danzi changa ndilo lilikuwa karibu. Sinefrini huweza kupandisha mapigo ya moyo na presha, hasa ikichanganywa na kahawa au chai kali. Kwa mtu wa nifedipini, ni kubonyeza breki na mafuta kwa wakati mmoja. Danzi la kutia kwenye kachumbari mara moja si janga kwa watu wengine, lakini kwako wewe, kwa sababu ya furanokumarini tulizozitaja, tumia ndimu.

Sanamaki, majani ya kuendeshea tumbo, ndiyo iliyompunguza shoga yako. Tufanye hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori kama 7,700. Kilo nne ni 30,800. Ili zichomeke kwa siku saba, mwili ungepaswa kutumia kalori 4,400 kila siku kutoka kwenye akiba peke yake, na mwanamke wa kazi za kukaa hutumia kama 2,000 kwa siku nzima. Hata angefunga mchana na usiku asionje kitu, hesabu haifiki. Kilichotoka ni maji na kinyesi. Sanamaki husukuma utumbo mpana, chakula kikiwa kimeshanyonywa zamani kwenye utumbo mwembamba. Kalori zimebaki ndani, zilizotoka ni maji na chumvi za mwili, potasiamu ikiwemo.

Na hayo ni yaliyoandikwa. Makopo ya kupunguza unene yamekutwa mara nyingi, katika nchi nyingi, yamechanganywa na sibutramini, dawa ya kuzuia njaa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa ajili ya madhara yake kwenye moyo. Unga wa "matunda matupu" ukikukausha mdomo, ukakuondolea njaa ghafla na kukunyima usingizi, usiusifu. Tunda halifanyi hivyo.

Basi hao watafiti anaowataja shoga yako wamesema uongo? La. Mimea imetupa dawa nzuri sana. Metformini inayotumiwa leo na wagonjwa wa sukari ilitokana na uchunguzi wa kiambata cha mmea wa Ulaya uitwao galega, ikaanza kutumiwa Ufaransa mwaka 1957. Lakini ilipitia maabara miaka mingi na ikabadilishwa kabla ya kuwa kidonge. Habari nyingi za "tunda linalozuia unene" ziko hatua mbili nyuma ya hapo: kiambata kimemwagiwa seli kwenye bakuli, au kimelishwa panya.

Chukua resveratroli ya ngozi ya zabibu. Katika utafiti mmoja mashuhuri wa mwaka 2006, panya waliolishwa mafuta mengi hawakunenepa walipopewa miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito wao kila siku. Ukibadilisha kipimo cha panya kuwa cha mtu, unagawa kwa 12 hivi. Kwa uzito wako ni kama gramu tatu kwa siku. Kilo nzima ya zabibu nyekundu, hata zile nzuri za Dodoma, hubeba miligramu chache tu. Fanya mwenyewe hesabu ya makreti.

Rangi ya zambarau ina ushahidi ulio bora kidogo. Rangi ile ni anthosiyanini. Mwaka 2016 ulitoka uchambuzi wa Wamarekani zaidi ya 124,000 waliofuatiliwa kuanzia mwaka 1986 hadi 2011. Walioongeza vyakula vyenye anthosiyanini waliongezeka uzito pungufu kidogo kuliko wengine. Kidogo kiasi gani? Kwa kila miligramu 10 za ziada kwa siku, tofauti ilikuwa kama gramu 100. Kwa miaka minne. Ni habari njema kwa taifa zima, lakini mizani yako ya Makorora haitaiona, na hatuwezi kusema kwa uhakika ni rangi iliyofanya kazi au ni kwamba mla zambarau hali biskuti.

Hata balungi halikusingiziwa. Mwaka 2006 lilichapishwa jaribio la watu 91 kwa wiki 12. Waliokula nusu balungi kabla ya kila mlo walipungua kilo 1.6, na waliopewa vitu bandia kilo 0.3. Kilo moja na robo kwa miezi mitatu si haba. Bahati mbaya wewe ndiye hasa usiyeruhusiwa kulila.

Tuje kwenye swali lako la pili, ambalo kwetu ndilo zito. Tunda linasaidia uzito, ila kwa ile sehemu unayoitema.

Tazama tunavyokula chungwa Tanga. Muuzaji analimenya kwa kisu, anaacha ngozi nyeupe, anakata kichwa; sisi tunafyonza maji na kutupa makapi. Hesperidini, kiambata kinachosifiwa cha chungwa, imejaa kwenye ile ngozi nyeupe na kwenye vifuko vya nyama. Pektini, ufumwele (nyuzinyuzi za tunda) unaovimba tumboni na kuchelewesha sukari, iko huko huko. Tunafyonza sukari, tunatupa dawa. Juisi ni hayo hayo kwa wingi zaidi: glasi zako mbili kubwa ni machungwa manane au tisa, na kwa vile vijiko vinne vya chai vya sukari ni kalori zaidi ya 300, umezimaliza ndani ya dakika mbili na saa nne njaa imerudi.

Kurudi kwa njaa kuna sababu. Mwaka 1977 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliwapa watu kumi matofaa mazima, yaliyopondwa, na juisi yake, sukari ikiwa sawa kwa wote. Juisi ilinyweka mara kumi na moja kwa kasi kuliko kula tunda zima. Sukari ya damu ilipanda karibu sawa kwa zote tatu, lakini baada ya juisi insulini, homoni inayoshusha sukari, ilipanda zaidi, kisha sukari ikaanguka chini kwa kishindo. Baada ya tunda zima haikuanguka hivyo. Na mwaka 2009 huko Pennsylvania watu waliokula tofaa zima kabla ya chakula cha mchana walipunguza mlo wao kwa asilimia 15. Juisi haikusaidia, hata iliporudishiwa ufumwele wake. Kwa hiyo anayekwambia utie makapi kwenye blenda usage pamoja hajakutatulia tatizo. Kutafuna kwenyewe ni sehemu ya kazi.

Fanya hivi. Osha chungwa kabla kisu hakijaligusa, maana kisu huchukua dawa ya shamba na uchafu wa ganda na kuuingiza ndani. Menya ganda la juu jembamba tu, acha nyeupe kadiri unavyostahimili uchungu wake. Kata vipande sita, tafuna nyama na vifuko vyake, mbegu teme. Chungwa moja la wastani ni kama kalori 60 na gramu tatu za ufumwele. Maganda ya nje usiyasage wala kuyachemsha: dawa ya shamba hukaa hapo, na utafiti uliofanywa juu ya maganda ulitumia kiambata kilichochujwa.

Wakati wa kula tunda ni dakika 15 kabla ya chakula cha mchana, na tena kabla ya cha jioni. Watu wengi hukosea hapa: wanashiba wali kwanza, halafu "wanashushia" na embe. Hapo tunda halikupunguza kitu, limeongeza. Kwa hesabu yako, pera ndilo bora kuliko yote: gramu 100 zina ufumwele karibu gramu tano na kalori 68, na mbegu zake usiziteme. Papai na tikiti ni mepesi. Embe dodo kubwa moja linaweza kufika kalori 240, kwa hiyo nusu. Parachichi la Lushoto ni zuri kwa moyo, lakini gramu 100 ni kalori 160. Lihesabu kama mafuta, si kama tunda, na siku ukilila punguza tui. Tende tatu, si sahani.

Ubuyu hukutuambia ni upi. Kama ni ule mwekundu wa vifuko, umechemshiwa sukari na kutiwa rangi. Huo ni peremende yenye kokwa. Tafuta unga mweupe. Mwaka 2017 Uingereza walijaribu gramu 15 za unga wa ubuyu kwenye kinywaji kwa watu 20: njaa ilipungua kweli, ingawa kwenye mlo uliofuata walikula kiasi kile kile. Sisi tunaupenda kwa ufumwele wake, si kwa miujiza. Anza na kijiko kimoja cha chakula kwenye uji ulioshuka motoni, joto kali linapoteza vitamini C. Baada ya wiki ongeza cha pili. Ukianza na vingi tumbo litajaa gesi. Usiufanye kuwa mlo wa jioni. Wewe mwenyewe umeandika kinachotokea: usiku unakula mkate na chai ya maziwa, na sukari ya mpakani haipendi hivyo.

Juisi ya ukwaju ukiitamani, loweka gramu 50 za ukwaju kwenye lita moja ya maji, chuja, tia iliki, na sukari isizidi vijiko viwili vya chakula kwa lita yote. Wauzaji wengi hutia sita au zaidi, ambavyo ni kalori karibu 300 kwa jagi.

Yote haya hayatakwenda popote kama chungu kimebaki vile vile. Nyama ya nazi moja kubwa ina kalori zipatazo 1,400, na sehemu kubwa inatoka na tui. Wali upike kwa tui jepesi la mkamuo wa pili, tui zito liwe la mchuzi peke yake, nusu nazi kwa watu watano. Hapo utaokoa zaidi ya kiambata chochote cha tunda. Watu wa Tanga watasema tumewavunjia heshima. Sawa, Ijumaa pika kama ulivyozoea.

Jipime siku moja kwa wiki, asubuhi, baada ya choo, kwa mizani ile ile. Lengo la kwanza ni asilimia tano, yaani kilo 4.7, ndani ya miezi sita; kwa kiasi hicho presha na sukari ya mpakani huanza kuonyesha tofauti. Kiuno kipime usawa wa kitovu, ukishatoa pumzi. Ukipungua zaidi ya kilo moja kwa wiki baada ya mwezi wa kwanza, kuna kitu kinakwenda kombo, mwone daktari.

Kokwa za zambarau ziache. Waganga huzitumia kwa sukari na zimechunguzwa zaidi kwa panya, na wewe tayari una dawa mbili za kuangalia. Zambarau zenyewe, bakuli dogo na ngozi yake, kula bila hofu msimu ukifika. Ulimi ukiwa bluu si kosa.

Kopo lipeleke kwa mfamasia wa hospitali, ndiye anayejua namna ya kuripoti kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Halafu mtafute shoga yako leo. Aache huo unga, anywe maji na supu yenye chumvi, akapime potasiamu na ini. Tumbo likigoma kutoka siku mbili tatu asirudi kwenye sanamaki, ndivyo utumbo unavyokuwa baada ya kuzoeshwa. Mapera mawili na maji yatamtosha. Lakini moyo ukimrukaruka, misuli ikilegea, macho yakiwa ya njano au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, mchukue mwenyewe umpeleke hospitali, na kopo lichukueni pamoja naye ili daktari alisome.